Gérard Blitz, aliyewaketisha watu mezani bila viatu

Katika kiangazi cha mwaka 1950, Mbelgiji mmoja alipokea wageni zaidi ya 2,000 katika ufukwe wa Alcudia, kisiwa cha Mallorca, Hispania. Wageni hao walikuwa wamelipa fedha zao mapema wakiwa Paris. Walisafiri kwa treni na meli, wakafika wakiwa wamechoka, na hawakukuta hoteli. Walikuta mahema ya jeshi yaliyokwisha kutumika, vitanda vya turubai, jiko la kambi na meza zilizopangwa hatua chache kutoka baharini.

Mtu huyo aliitwa Gérard Blitz. Klabu aliyoanzisha ilikuwa Club Méditerranée, ambayo baadaye dunia nzima iliijua kwa jina fupi la Club Med. Leo mgeni anapoketi mezani Diani, Nungwi au Maldives, miguu ikiwa mchangani, akiwa amejifunga kitambaa kiunoni na hatoi hata senti kwa sababu ameshalipia kila kitu kabla ya kupanda ndege, anafuata desturi ambayo Blitz alifanya kazi kubwa kuieneza. Alianza bila mtaji wa maana, akiwa na bidhaa za mkopo na deni lililomkosesha usingizi. Deni hilo ndilo lililookoa biashara yake, na ndilo pia lililomwondoa kwenye kiti cha mbele.

Mtoto wa majini

Blitz alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1912, katika familia ya Kiyahudi. Antwerp ni bandari, na kwa karne nyingi umekuwa mji wa almasi. Kijana huyo alikulia katikati ya watu wa biashara hiyo, watu waliozoea kuuziana mali ya thamani kubwa kwa kupeana mikono na kuaminiana.

Lakini nyumbani kwao maji yalikuwa na nafasi kuliko mawe. Baba yake, Maurice Blitz, alikuwa mchezaji wa polo ya majini aliyeipatia Ubelgiji medali za fedha katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1920 na 1924. Ami yake, ambaye naye aliitwa Gérard, alikuwa muogeleaji na mchezaji wa polo ya majini, na katika michezo ile ya 1920 alipata medali ya shaba kwa kuogelea chali. Mtoto wa Maurice alifuata nyayo hizo bwawani. Katika ukoo wake, kuvaa kaptura ya kuogelea kutwa nzima na kula mkate nywele zikiwa bado zinadondosha maji halikuwa jambo la aibu. Ndiyo yalikuwa maisha ya kawaida.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Wanazi waliikalia Ubelgiji, na Wayahudi wa Antwerp walisakwa, wakakamatwa na kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Blitz alijiunga na harakati za siri za kuwapinga. Vita vilipokwisha mwaka 1945, alipewa kazi iliyobadili mwelekeo wake: kusimamia kituo cha mapumziko katika milima ya Alps, upande wa Ufaransa, kwa ajili ya watu waliotoka hai katika kambi za Wanazi.

Watu wale walifika wakiwa mifupa na ngozi. Wengine hawakuwa na ndugu wa kurudi kwao. Hapo Blitz aliona kwa macho yake kwamba dawa na kitanda havitoshi kumrudisha mtu katika uhai. Walihitaji jua, hewa, mchezo, na zaidi ya yote walihitaji kula pamoja na wenzao bila kuulizwa walikuwa nani jana. Somo hilo alilibeba miaka mitano, akalitua ufukweni.

Mahema ya mtumba

Wazo la kambi ya mapumziko kando ya bahari halikuwa lake peke yake. Katika mji wa Calvi, kisiwa cha Corsica, mhamiaji kutoka Urusi aliyeitwa Dimitri Filipoff alikuwa na kambi ya wapenda michezo. Dada yake Blitz, Didy, aliijua kambi hiyo, na kupitia kwake Blitz aliona jinsi watu wa mjini walivyobadilika baada ya siku chache tu za kulala hemani na kuogelea. Akaamua kufanya ya kwake, kubwa zaidi.

Tarehe 27 Aprili 1950 aliandikisha Club Méditerranée mjini Paris. Haikuandikishwa kama kampuni, bali kama chama kisicho cha faida, chini ya sheria ya vyama ya Ufaransa ya mwaka 1901. Waliojiunga hawakuitwa wateja. Waliitwa wanachama.

Wakati ulikuwa mzuri kwa wazo la namna hiyo. Tangu mwaka 1936 mfanyakazi wa Ufaransa alikuwa na haki ya likizo ya wiki mbili yenye malipo. Haki hiyo ilikuwa changa vita vilipoanza, na wengi hawakuwahi kuifaidi. Kadi za mgao wa chakula ziliondolewa mwaka 1949 tu. Katika ofisi za Paris kulikuwa na makarani, walimu, wauguzi na makatibu muhtasi waliokuwa na siku za mapumziko na akiba kidogo, lakini hawakuwa na pa kwenda. Hoteli kubwa za pwani ya kusini zilikuwa za matajiri. Huko mtu alishuka kwenda chakula cha jioni akiwa na koti na tai, akaketi mbele ya safu ya uma na visu, na macho ya mhudumu yalijua mara moja kama amezoea au hajazoea.

Blitz alikuwa na soko lakini hakuwa na fedha za kujenga. Alichofanya ndicho ambacho mfanyabiashara mdogo yeyote mwenye akili angefanya: alitafuta mtumba. Jeshi la Marekani lilikuwa limeacha Ulaya shehena kubwa ya vifaa vya vita, yakiwemo mahema. Mjini Paris ilikuwako familia ya Trigano, iliyouza na kukodisha mahema na vifaa vya kambi. Blitz alikwenda kwao. Katika familia hiyo alikuwemo kijana aliyezaliwa mwaka 1920, Gilbert Trigano, aliyekuwa amepigana katika upinzani dhidi ya Wanazi, akawa mkomunisti na kuandika katika gazeti la chama hicho kabla ya kurudi dukani kwa familia.

Mahema yakasafirishwa kwenda Alcudia. Mengi yalikwenda kwa njia ambayo wafanyabiashara wa mpakani wanaiita mali kauli: mzigo unatangulia, fedha zinafuata baadaye.

Kiangazi cha matatizo

Msimu wa kwanza haukwenda vizuri. Kulisha mamia ya watu kwa wakati mmoja katika ufukwe usio na jengo ni kazi ya jeshi, na Blitz hakuwa na jeshi. Vyoo na maji vilisumbua. Waliozoea kitanda cha nyumbani waligeuka usiku kucha kwenye turubai. Malalamiko yalikuwepo, tena si machache.

Hata hivyo jambo moja lilijitokeza, nalo Blitz aliliona haraka. Watu wale wale waliolalamikia kitanda walicheka mezani. Kwa kuwa hapakuwa na chumba cha kulia, hapakuwa na mlango wa kuingilia. Kwa kuwa hapakuwa na mlango, hapakuwa na wa kukagua mavazi. Mwanamke aliyetoka kuogelea alipita mchangani akaketi. Mwanamume aliyeketi kando yake alikuwa na kaptura tu. Baada ya siku mbili hakuna aliyeweza kutambua nani ni daktari na nani ni karani, maana vitu vinavyotambulisha watu, yaani viatu, saa, suti na mkoba, vilikuwa vimebaki hemani.

Mgeni mlalamishi anaweza kusamehe kitanda kibovu. Hasahau kirahisi meza aliyoketi akajiona ni mtu sawa na wenzake. Wengi walirudi mwaka uliofuata, na walileta wengine.

Kitambaa kiunoni, shanga shingoni

Miaka iliyofuata ndiyo iliyoipa klabu sura yake. Mtu muhimu hapa ni mke wa Blitz, Claudine Coindeau, ambaye alikuwa ameishi Tahiti, katika visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa. Yeye ndiye aliyeleta pareo, kitambaa cha maua cha Kitahiti kinachofungwa kiunoni au kifuani. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu: ni binamu wa kikoi na kanga. Kwa Mfaransa wa mwaka 1952 lilikuwa jambo jipya kabisa. Vazi moja lilitosha kwa wanaume na wanawake, kwa ufukweni na mezani, na mwenye fedha na asiye nazo walilivaa kwa namna moja.

Katika kisiwa cha Corfu, Ugiriki, ambako klabu ilifungua kambi mapema miaka ya 1950, mahema ya jeshi yalianza kuachia nafasi vibanda vya nyasi vya mtindo wa Polinesia mwaka 1954. Mwaka huo huo klabu ilifika Djerba, kisiwa cha Tunisia, na ndivyo ilivyokanyaga bara la Afrika. Mwaka 1955 ilifika Tahiti yenyewe. Kambi hizo hazikuitwa kambi wala hoteli. Ziliitwa vijiji.

Ndani ya vijiji hivyo Blitz na wenzake waliweka taratibu ambazo leo zinaonekana za kawaida kwa sababu zimeigwa kila mahali.

Ya kwanza ilikuwa lugha. Wafaransa wana maneno mawili ya kumwita mtu unayezungumza naye: moja la heshima na umbali, jingine la ndugu na rafiki. Kijijini lilitumika lile la pili tu, kwa kila mtu. Wageni waliitwa wanachama wema, na wafanyakazi waliitwa waandaaji wema. Waandaaji hawakusimama nyuma ya kiti cha mgeni na kitambaa mkononi. Asubuhi walifundisha kuogelea au kuendesha mashua, mchana walikula meza moja na wageni, usiku walipanda jukwaani kuimba na kuchekesha.

Ya pili ilikuwa meza ya watu wanane. Mgeni hakuchagua pa kukaa. Alipofika alielekezwa kwenye nafasi iliyofuata, meza ikajazwa hadi wanane, kisha ikaanza nyingine. Aliyekuja peke yake hakula peke yake. Waliokuja wawili hawakujifungia. Mkate na divai viliwekwa mezani bila kupimwa.

Ya tatu ilikuwa chakula cha kujipakulia. Vyakula vilipangwa kwenye meza ndefu, kila mtu akachukua atakacho na kurudia apendavyo. Kwa watu waliokula kwa kadi za mgao mwaka mmoja au miwili iliyopita, meza hiyo ilikuwa ndoto. Kwa mwenye klabu ilikuwa hesabu. Penye wageni mia kadhaa, mlaji mkubwa hufidiwa na mlaji mdogo. Wahudumu wachache wanatosha. Mpishi hupika alichokipata sokoni siku hiyo kwa bei nzuri, hafungwi na orodha iliyoandikwa. Na kwa kuwa mgeni ameshalipa, hakuna bili ya kugombania.

Ya nne ndiyo inayokumbukwa zaidi. Bei ya kijiji ilijumuisha safari, malazi, chakula na michezo, lakini vinywaji vya baa vililipiwa. Sasa mtu aliyevaa kitambaa tu ataweka wapi pochi? Klabu ikauza shanga za plastiki zinazounganishwa kuwa mkufu. Mgeni alinunua mkufu wake mara moja, akauvaa shingoni au mkononi, na alipotaka kinywaji alichomoa shanga na kumpa mhudumu. Noti zilitoweka machoni pa watu.

Mfanyabiashara anayevuka mpaka na mifuko miwili, mmoja wa fedha za huku na mmoja wa fedha za kule, ataelewa ujanja wa jambo hilo. Shanga ilikuwa sarafu moja kwa Mfaransa, Mbelgiji, Mwitaliano na Mjerumani, ikifanya kazi sawa Ugiriki na Tunisia, bila kubadilisha fedha. Ilikuwa pia sarafu ambayo mtu huitumia kwa wepesi, kwa sababu haifanani na fedha. Na aliyerudi nyumbani na shanga zilizobaki alikuwa ameshalipia vinywaji ambavyo hakunywa.

Mdai anaingia ofisini

Pamoja na sifa zote hizo, vitabu vya hesabu havikukaa sawa. Blitz alikuwa mwotaji mwenye mvuto. Aliweza kumshawishi mtu alale hemani na kushukuru. Lakini klabu ilipanuka haraka kuliko fedha zake. Kijiji hutumia mwaka mzima na huingiza kwa miezi michache ya kiangazi. Dhoruba moja, meli iliyochelewa au msimu wenye wageni wachache ulitosha kutikisa kila kitu. Na kwa kuwa kilikuwa chama kisicho cha faida, hakikuwa na wenye hisa wa kuongeza mtaji, na benki hazikuwa na dhamana ya kushika.

Miongoni mwa waliodai ilikuwamo familia ya Trigano. Mahema yalikuwa ufukweni, na fedha zake hazijalipwa zote. Gilbert Trigano alikuwa na njia mbili. Angeweza kung'oa mahema yake na kuuza kwa mwingine, akapoteza sehemu kubwa ya alichodai. Au angeweza kuingia ndani na kuhakikisha mdaiwa wake hafi. Alichagua njia ya pili. Mwaka 1954 alijiunga na klabu kama mtunza hazina.

Kuanzia hapo wawili hao walikwenda pamoja, na kwa muda walikamilishana. Blitz alihangaikia namna ya kuishi: nani anaketi na nani, kibanda kielekee wapi, muziki uanze saa ngapi. Trigano alihangaikia mikataba, nauli, bei na tarehe za malipo. Mwaka 1956 walifungua kijiji cha theluji huko Leysin, Uswisi, ili klabu isilale msimu wa baridi. Mwaka huo huo sheria ya Ufaransa iliongeza likizo ya mfanyakazi hadi wiki tatu, na wateja wakaongezeka.

Kuongezeka kwa wateja hakukuondoa madeni, kulikuza tu. Chama kiligeuzwa kuwa kampuni ya biashara. Mwaka 1961 hali ilikuwa mbaya kiasi cha kuhitaji mwokozi mwenye mfuko mzito, naye alikuwa Edmond de Rothschild, wa ukoo maarufu wa mabenki, aliyeingiza mtaji wake na kuwa mbia mkubwa. Mwaka 1963 Trigano akawa mkuu wa kampuni. Miaka michache baadaye hisa zake ziliuzwa katika soko la hisa la Paris.

Hivyo, katika miaka 13, chama kilichoanzishwa ili watu wakae pamoja bila kutazamana mifuko kilikuwa mali ya wenye mitaji, kikiongozwa na aliyekuwa muuza mahema. Blitz hakufukuzwa kwa kelele wala kesi. Alisogea hatua kwa hatua, kama mtu anayetoka kwenye sherehe yake mwenyewe wakati wageni bado wanacheza.

Ni rahisi kumlaumu mmoja wao. Wako waliosema Trigano aliiuza roho ya klabu. Lakini bila yeye huenda klabu ingezama kabla ya kufikisha miaka 10, na mahema yangeishia kwenye mnada. Wako waliosema Blitz hakujua biashara. Lakini bila yeye Trigano angebaki na mahema mengi na hakuna wa kulala ndani yake. Deni liliwakutanisha, na deni likaamua nani ashike usukani.

Upande wa pili wa uzio

Maisha ya Blitz hayawezi kusimuliwa kwa haki bila kutazama nje ya kijiji chake. Meza ya watu wanane ilikuwa sawa kwa wote walioketi. Lakini mvuvi wa Djerba au mkulima wa Corfu hakuketi hapo. Yeye alikuwa nje ya uzio.

Utaratibu wa kulipa kila kitu mapema ulikuwa neema kwa mgeni na kwa klabu, lakini ulimwacha mwenye duka wa jirani na kidogo. Mgeni aliyeshalipia chakula cha mchana na cha jioni akiwa Paris hana sababu ya kutafuta mgahawa wa mjini. Aliyevaa shanga shingoni hana hata sarafu ya nchi hiyo mfukoni, maana hata mfuko hana. Mwenyeji alipata riziki kwa njia mbili kuu: kuajiriwa ndani, au kuwa muuzaji wa samaki, mboga, matunda na mayai kwa jiko la kijiji. Pale ambapo jiko lilinunua jirani, kijiji kilinufaika. Pale ambapo makopo na divai vilishushwa kutoka mbali, kilichobaki kwa jirani ni kutazama.

Swali hilo halikwisha na Blitz. Lipo leo katika pwani ya Kenya na Zanzibar, ambako hoteli nyingi huuza likizo ya bei moja inayojumuisha kila kitu, na bangili ya plastiki mkononi mwa mgeni imechukua kazi ya shanga. Kwa anayepeleka vitunguu, viazi, mayai au maparachichi kutoka nchi jirani hadi pwani, kinachoamua faida yake ni nani anajaza meza ile ndefu, kwa mkataba gani, na analipwa baada ya siku ngapi.

Pia kulikuwa na lawama za namna nyingine. Desturi za Tahiti zilichukuliwa kama mapambo, wageni wakavaa maua na vitambaa bila kujua maisha ya watu wa huko. Katika nchi nyingine, mavazi mepesi ya wageni yaligongana na staha ya wenyeji. Ufaransa kwenyewe watu walianza kuwacheka wanaokwenda klabu, na mwaka 1978 ilitoka filamu ya vichekesho, Les Bronzés, iliyowadhihaki wageni na waandaaji wa kijiji cha namna hiyo. Filamu ilipendwa sana. Watu hawadhihaki kwa nguvu jambo ambalo halijaingia katika maisha yao.

Mkeka badala ya meza

Blitz mwenyewe wakati huo alikuwa mbali na baa na jukwaa. Alikuwa amezama katika yoga. Alisafiri India, akajifunza mjini Madras, unaoitwa Chennai siku hizi, kwa mwalimu Desikachar, mtoto wa mwalimu mashuhuri Krishnamacharya. Huko Ulaya akawa mmoja wa viongozi wa Muungano wa Yoga wa Ulaya, na katika miaka ya 1970 na 1980 alikuwa nguzo ya mikutano yake ya kila mwaka katika kijiji cha Zinal, Uswisi, iliyowakutanisha walimu na wanafunzi wa nchi nyingi.

Waliomwona kama mfanyabiashara aliyeshindwa walishangaa. Lakini ukitazama maisha yake kwa mstari mmoja, hakubadilika sana. Kituo cha manusura milimani, mahema ya Alcudia, vibanda vya Corfu na mikeka ya Zinal vilikuwa kazi moja: kuwakusanya watu wasiojuana, kuwavua vinavyowatenganisha, na kuwaacha wapumue. Hata kwenye mkeka wa yoga mtu huvua viatu kwanza.

Gérard Blitz alifariki tarehe 3 Machi 1990. Trigano alimfuata mwaka 2001. Klabu yenyewe ilipita mikono kadhaa, na mwaka 2015 ikanunuliwa na kundi la kampuni la Fosun kutoka China. Siku hizi inauza likizo za gharama kubwa, katika majengo ambayo karani wa Paris wa mwaka 1950 asingethubutu kuulizia bei.

Hilo ndilo geuko kubwa la hadithi yake. Blitz aliwaketisha watu mezani bila viatu kwa sababu hakuwa na sakafu ya kuwawekea. Baadaye ilionekana kwamba matajiri nao walikuwa wamechoshwa na viatu. Mwaka 1995 ilifunguliwa hoteli ya Soneva Fushi katika visiwa vya Maldives, ambako mgeni anapowasili huvua viatu, vikawekwa kwenye mfuko, na akarudishiwa siku ya kuondoka. Kuanzia hapo anatembea na kula peku, juu ya mchanga. Hoteli za namna hiyo zimeenea kutoka Karibi hadi Bahari ya Hindi, na mgahawa usio na sakafu sasa ni alama ya anasa, wenye bei inayozidi ule wenye zulia.

Mahema ya Alcudia yalichakaa zamani. Kilichobaki ni namna ya kuketi: meza karibu na maji, kitambaa kiunoni, chakula kisichopimwa na fedha zisizoonekana. Blitz hakuacha hoteli yenye jina lake wala hakufa akiwa mkuu wa kampuni aliyoianzisha. Lakini kila jioni, jua linapozama katika fukwe ambazo hakuwahi kufika, watu wanaacha viatu vyao kando na kwenda kula.